Kwilti Iliyokuwa na Mimba

Tangu nistaafu, mume wangu Hamisi hanipi tena shuka nikunje. Anasema nikilishika nalinyanyua dirishani, nalitazama kwa nyuma, natafuta uzi ulipoanzia, na chai inapoa mezani. Ni kweli. Mtu hawezi kukaa miaka yote ile kwenye karakana ya makumbusho akitibu vitambaa vya watu, kisha siku moja aamke na kuliona shuka kuwa shuka tu.

Basi Neema na Wanjiru, ninyi mlioachiwa meza yangu pale Fort Worth, mmeniomba niwaandikie nilivyoifanya kazi hii, tena kwa Kiswahili, ili msisome kama mnasoma ripoti. Nimekubali. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Hayo hayajawahi kumzuia nondo kula sufu.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Nilisomea kemia, nikaanza kazi katika kiwanda cha nguo, idara ya rangi, mahali ambapo ukirudi nyumbani jioni watoto wanakuuliza leo umekuwa wa rangi gani. Hamisi alipopata nafasi ya kusoma Texas tukaja wote. Tukapanga Euless, chini kabisa ya njia ya ndege, na mpaka leo tukiwa katikati ya mazungumzo tunanyamaza kidogo kupisha ndege, hata tukiwa mahali pasipo na ndege. Nilifanya kazi kwenye dobi la hoteli karibu na uwanja, nikarudi darasani, kisha nikaomba nafasi katika karakana ya kutunza vitambaa. Wakaniita.

Bosi wangu wa kwanza aliitwa Opal. Alikuwa mama wa Kitexas, mfupi, mwenye miwani mbili: moja puani, nyingine kichwani, na mara zote akitafuta ya tatu. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimetoka kwenye arusi ya binamu yangu na hina ilikuwa bado inawaka mikononi. Opal aliniangalia kuanzia juu. Akasema nivue pete, saa na bangili. Nikavua. Akauliza kama nimejipaka manukato. Nikasema kidogo. Akanielekeza kwenye sinki. Kisha akanyoosha kidole kwenye mtandio wangu.

"Hiyo pini."

"Ndiyo inayoushikilia."

"Siku moja itachomoka na kuangukia kwenye hariri iliyokuwepo kabla ya babu yangu. Unajua namna nyingine ya kuufunga?"

Nilijua. Mama yangu hakuwahi kutumia pini maisha yake yote. Nikaufunga kwa mkunjo wa kimama, na tangu siku ile sijaingia karakana na pini.

Ikabaki hina. Opal alichukua kipande cha pamba nyeupe, akakilowesha maji, akakiminya juu ya kiganja changu na kuhesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa cheupe vilevile.

"Haichuji," akasema. "Karibu kazini."

Ndivyo nilivyojifunza kupima rangi kama inamwaga, kabla sijaonyeshwa hata mlango wa choo. Nawasihi, msimguse mgonjwa yeyote na maji kabla ya kipimo hicho. Kila rangi kwa zamu yake, kila kiraka, hata kama viraka viwili vinafanana kama pacha. Nyekundu mbili zinaweza kuwa zimetoka masufuria tofauti kabisa. Moja imetulia, nyingine inangoja tone tu ikimbie.

Kwa msomaji mwingine atakayeokota karatasi hizi, niseme kwilti ni nini. Ni blanketi la tabaka tatu. Juu kuna viraka vilivyounganishwa kwa mpango, katikati pamba, chini kitambaa cha mgongo, na zote zimefungwa pamoja kwa mishono midogo midogo inayopenya kutoka juu hadi chini. Huku Texas karibu kila familia inayo moja, na kila familia inaamini ya kwake ni kuukuu kuliko ya jirani. Opal alikuwa akisema kila kizazi kinaongeza bibi mmoja. Mama alisema ni ya bibi yake, binti anasema ni ya bibi wa bibi, na mjukuu atakuja kukuapia kwamba ilishuka na safina ya Nuhu.

Asubuhi yangu yote ya kwanza Opal alinikataza kugusa kitu. Aliilaza kwilti mezani, akanipa lenzi na penseli, maana kalamu ya wino haiingii mle ndani, akaniambia nitazame mpaka nichoke, kisha nianze kutazama. Nilitazama. Mwanzoni niliona maua. Baadaye nikaona kwamba kiraka kimoja cha kahawia kimeliwa kikaisha ilhali jirani yake mweupe ni mzima. Nikamwita.

"Panya?" nikauliza.

"Panya hachagui rangi."

Hapo kemia yangu ikaamka. Zamani walishikisha kahawia kwa chumvi ya chuma, na chuma kile kinaendelea kula nyuzi polepole mpaka kitambaa kinakuwa unga. Kahawia iliyojila yenyewe inakuambia umri wake bila kuulizwa. Na ziko nyingine: nili iliyofifia kwenye mikunjo tu, zambarau iliyogeuka rangi ya chai, kijani kile chepesi kama maziwa yaliyotiwa majani ya mnanaa, kilichopendwa sana katika miaka ya shida kabla ya vita kuu ya pili. Ukikiona hicho, usihangaike na karne ya kumi na tisa.

Kanuni ya Opal niliyoishika kuliko zote ni hii: kwilti haiwezi kuwa kuukuu kuliko kitambaa chake kichanga. Unaweza kukuta kipande cha enzi za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kimeshonwa pembeni ya kipande cha juzi, kwa sababu wanawake hawakutupa kitu, mabaki yalikaa kwenye mfuko hata miaka hamsini. Kwa hiyo usikimbilie kile kizee ukafurahi. Mtafute mdogo wao. Yule ndiye anayejua siku ya mwisho ya kushona.

Na taa ile ya zambarau, mnayoipenda kwa sababu inafanana na disko, itumieni kwa akili. Uzi wa kisasa unang'aa chini yake, sawa, lakini hata kwilti ya zamani kweli itang'aa ikiwa mtu aliifua wiki iliyopita kwa sabuni ya dukani. Taa haijui kusema "kuukuu" wala "mpya". Inajua kusema "sabuni".

Mifano ninayo mingi, ila wa Njeri lazima niuweke. Njeri ni nesi, Mkenya, anasali kwenye kanisa moja la Wakenya Carrollton ambako nilialikwa kuwaonyesha akina mama namna ya kutunza vitambaa. Nilitegemea kanga na vikoi. Njeri akaingia na mfuko mweusi wa taka.

"Auntie Zai, usinicheke. Hii nili-buy kwa garage sale. Ilikuwa imefunika mashine ya kukata nyasi."

"Na wewe ukaifanyia nini?"

"Nikaendelea kufunikia mashine ya kukata nyasi."

Nilipoitoa, akina mama wakasogeza viti. Nyeupe na nili tupu, nyota ndogo ndogo kama zimemwagwa, mishono iliyofuatana kama mchwa. Nilitafuta mdogo wao juu na chini, sikumpata. Vyote vilikuwa wazee. Ilikuwa imetulia juu ya mashine ya kukata nyasi kwenye gereji ya Texas, ambamo kiangazi unaweza kuoka mkate bila jiko.

"Sasa niiweke kwa washer? Delicate, maji baridi?"

"Njeri, ukiiweka kwenye mashine, mwite na mchungaji, maana utakuwa unaizika."

Binti yake mdogo alicheka, akasema kwa Kiingereza chao kwamba mama anafua kila kitu kwenye mashine, hata viatu vya kanisani. Tuliiosha wiki iliyofuata kwenye beseni la kuogea nyumbani kwa Njeri. Shuka tulilitandika chini yake ndani ya maji, ili tuinyanyue kwa shuka, siyo kwa kuivuta yenyewe, kwa maana nyuzi zilizolowa hazibebi uzito wao. Maji ya kwanza yakawa kama chai ya mkandaa. Ya pili kama chai ya maziwa. Ya mwisho yakatoka safi, na Njeri, ambaye amezalisha watoto wasiohesabika katika wodi yake, akapiga kigelegele bafuni.

Sasa nifike Houston, kwa sababu najua ndiyo mnayoingoja. Nimewasikia mkiisimulia kwa wageni na kuikosea.

Ilikuwa baada ya mojawapo ya mafuriko yao makubwa. Karakana ilituma watu kadhaa tukaweke meza kwenye ukumbi wa kanisa moja, watu walete vilivyolowa: picha, Biblia, nguo za arusi, kwilti. Ukungu hausubiri. Siku mbili tatu kwenye joto la kule na kitambaa kimeanza kuota ndevu. Tulifungua madirisha, tukawasha mapangaboi, tukatandika taulo sakafuni kote mpaka ukumbi ukafanana na hospitali ya vita, ila wagonjwa walikuwa bapa.

Bi Ruby aliingia amevaa kofia ya kanisani, ingawa ilikuwa siku ya kazi na viatu vyake vilikuwa na tope. Alikuwa amepita themanini. Nyuma yake wapwa wawili walibeba kwilti ndani ya shuka kama machela. Nikawasifu. Akasema aliwaambia wangeinyanyua kwa pembe angewaacha majini.

"Hii ni ya Mama Hester," akaniambia. "Alizaliwa mtumwa, akafa huru. Aliishona kwa mikono yake. Itapona?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka meza ya jirani.

"Hakuishona yeye."

Alikuwa mama mwingine, mwembamba, mwenye mabuti ya mpira, akipanga picha zilizolowa. Sikuhitaji kuambiwa kuwa ni ndugu. Walikuwa na paji la uso moja.

"Verna, usianze."

"Aliishona Bibi Pearl, barazani, kwa magunia ya unga. Nilimwona."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa namshikia mkasi!"

Wapwa wakatazama sakafu kama watu wanaoijua sinema. Mmoja wao alinieleza baadaye, tukikunja taulo. Hester alikuwa mama yake Pearl, na Pearl ndiye bibi aliyewalea hawa wawili. Siku ya mazishi ya mama yao, Bi Ruby alisimama mimbarini akaisimulia kwilti ya Hester, na mdogo wake akamsahihisha mbele ya jeneza na watu wote. Tangu hapo hawakula meza moja. Wanaishi mitaa miwili jirani.

Rangi zilipimwa zikatulia, tukaisuuza, tukaanza kuikausha. Jioni Bi Ruby alinivuta pembeni.

"Mwanangu, mwezi wa sita ukoo wote unakutana. Mimi ndiye mkubwa sasa. Watoto wote hawa nimewalea kwa habari za Hester. Wewe ni mtu wa vitambaa. Itazame, uniambie. Lakini uniambie kweli."

"Na kweli ikiwa siyo unayoitaka?"

"Basi nitajua niseme nini mezani. Ila nisisimame tena kama siku ile."

Niliichukua hadi Fort Worth. Njia nzima ile ya kwenda kaskazini nilikuwa nikiiangalia kwenye kioo cha gari kana kwamba itatoa kichwa na kusema. Kesho yake nikailaza mezani, nikatazama, na kwa kweli haikuchukua muda. Viraka vilikuwa vya magunia. Kwenye kingo zake kulikuwa na mstari wa matundu ya sindano kubwa pale uzi wa gunia ulipofumuliwa, na kwenye mgongo, ukiulaza mwanga ubavuni, zilionekana herufi za kiwanda cha unga zilizofuliwa zikakataa kuisha. Kijani cha mnanaa kilikuwepo. Maua madogo ya magunia ya miaka ile yalikuwepo. Mdogo wao alikuwa wazi kabisa, na wakubwa wake hawakumzidi sana. Bi Verna alikuwa sahihi. Bi Pearl, barazani, na mtoto anayeshika mkasi.

Niliinua simu nikaiweka chini. Nikaenda kunywa chai. Nikapanga vibano kwa ukubwa. Mnajua mtu anavyopata kazi nyingi ghafla anapokuwa na habari asiyotaka kuitoa.

Mwishowe nikasema angalau nimalize kuikausha vizuri kwanza, na hapo ndipo iliponikatalia. Juu na mgongo vilikauka kama ilivyo kawaida. Katikati palibaki na ubaridi. Tulipoigeuza watu wanne nikahisi uzito ambao haukuwa wa pamba. Pamba kuukuu huhama, huenda pembeni na kufanya mabonge, lakini hii ilikuwa imetandaa sawasawa kila mahali. Nikaomba tuinyanyue wima, taa kubwa iwekwe nyuma yake.

Mwanga ulipopita, nikaona viraka vya magunia, kama nilivyotegemea. Na nyuma yake nikaona viraka vingine. Pembetatu. Safu za pembetatu nyeusi nyeusi zilizokwenda mshazari, hazikufuata mshono wowote wa juu wala wa chini. Mwenzangu aliyeshika pembe ya pili akasema, "Zai, nini hiyo?" Ndani ya kwilti kulikuwa na kwilti.

Jambo hili linajulikana katika kazi yetu. Pamba ikikosekana, au kwilti ya zamani ikichakaa mpaka haifai kufunika mtu, mama aliitandaza katikati akaivika nyingine juu na chini. Nilikuwa nimelisoma. Sikuwa nimewahi kulishika.

Kuifungua lilikuwa jambo jingine. Mishono ya Bi Pearl ilikuwa mali ya familia kama ilivyokuwa kwilti yenyewe, na kila mshono unaokatwa haurudi. Nikawaita wenyewe, wote wawili, na nikasema sitagusa mpaka waseme ndiyo kwa pamoja. Wakaja Fort Worth kwa magari mawili tofauti, mwendo ule wote, moja likifuata jingine.

Niliwaonyesha kwanza ile ya juu. Nikamweleza Bi Ruby magunia, matundu, herufi, kijani. Sikuzungusha. Alisikiliza akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Bi Verna, aliyengoja siku hiyo kwa miaka, alimwangalia dada yake, nikaona ushindi haukumkaa vizuri usoni.

Kisha nikawasha taa ya nyuma.

"Mungu wangu," akasema Bi Ruby.

Pembeni palikuwa na sehemu ambayo utepe wa ukingo ulikuwa umepasuka wenyewe. Nikauliza. Wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu waingie, wakasema ndiyo. Nikatoa mishono michache kwa kibano, nafasi ya kiganja tu, nikakiinua kitambaa cha juu kama unavyoinua kope.

Ndani palikuwa na nili, bado nzito. Palikuwa na nyekundu iliyokataa kuzeeka, na kahawia iliyojila ikabaki kama utando wa buibui. Vilishonwa kwa mkono, uzi wa pamba mnene, sindano isiyo na haraka. Wazee watupu. Mdogo hakuwepo.

Bi Verna aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Ruby! Msiikalie!"

"Nini?"

"Bibi Pearl! Alikuwa anatufukuza tukiikalia. Alikuwa anasemaje? Sema alikuwa anasemaje!"

Bi Ruby akaziba mdomo kwa mkono. "'Msiikalie,'" akasema, "'ina mimba.'"

Walikuwa wameisikia utoto wao wote, wakadhani bibi anafanya mzaha kwa sababu ni nzito. Wakacheka mpaka ikabidi nisogeze kwilti, kwa kuwa machozi yana chumvi na chumvi haifai. Bi Verna akakaa kwenye kiti changu bila kuomba. Bi Ruby akakaa karibu naye kwenye mkono wa kiti kilekile, mwanamke wa themanini na kitu, na kofia ikaenda upande.

Ilinibidi niseme na lililobaki, maana niliahidi kweli. Nikawaambia naweza kuandika kwamba vitambaa vya ndani ni vya miaka ambayo Hester alikuwa mtu mzima, huru, mwenye nyumba na sindano yake. Mkono ulioshona ni wa nani, kitambaa hakiwezi kunithibitishia.

"Wewe andika unachoweza," akasema Bi Ruby akijifuta macho. "Kilichobaki nitasema mimi."

"Tutasema sisi," akasema Bi Verna.

Waliondoka na magari mawili, hilo halikuepukika, lakini niliwaona kutoka dirishani wakisimama kwenye maegesho wakibishana wale wapi chakula cha mchana.

Kuhusu utunzaji wake nitaandika kwa kifupi, kwa vile mtakutana na nyingine. Vumbi la ukungu uliokauka tulilifyonza kwa mashine ya nguvu ndogo, kupitia wavu, bila kuburuta. Hatukuifua tena. Ile nafasi ya kiganja hatukuishona. Tuliifunika kwa hariri nyembamba inayoonyesha ndani, ili atakayetaka kuona aone bila kugusa. Hatukuikunja, kwa maana uzee huanza kwenye mkunjo. Tuliiviringisha juu ya bomba pana lililovikwa pamba safi. Niliwakataza sanduku la mbao, plastiki, dari na gereji. Bi Verna aliuliza kama kuna mahali ndani ya nyumba ya Houston panaporuhusiwa. Nikasema chini ya kitanda cha chumba chenye kipoza hewa, ghorofani.

Mwezi wa sita nilikwenda na Hamisi. Ukoo ulijaa bustani nzima, nyama inafuka moshi, watoto wanakimbizana, na kwilti imelazwa ndani ya nyumba kwenye meza mbili zilizounganishwa. Wale akina mama walisimama pamoja wakaisimulia kwa kukatizana, kila mmoja akisahihisha wa mwenzake, na safari hii watu walicheka badala ya kutazama sakafu. Kisha foleni ikapangwa kwenye kile kidirisha cha hariri. Wakubwa waliinama. Watoto walinyanyuliwa. Mzee mmoja alichungulia, akarudi nyuma ya foleni, akachungulia tena.

Nilidhani habari imeishia hapo. Mwaka jana, wiki chache baada ya ninyi kunifanyia sherehe ya kuniaga, simu ikalia. Walikuwa wote wawili kwenye spika.

"Tumeamua kuivika nyingine," akasema Bi Ruby. "Ya tatu. Tumeshakata viraka."

Nikaruka kitini. Nikawaambia sindano itatoboa mshono wa Pearl na wa Hester pia, uzito utazichana, uzi mpya utakata wa zamani. Nikawahubiria kama niko kazini. Waliniacha nimalize.

"Umesema vizuri sana," akasema Bi Verna. "Sasa tuambie tutaivikaje bila kuitoboa, maana tutaivika."

Nikanyamaza kidogo, na hapakuwa na ndege. Kisha nikawaambia washone mfuko. Foronya kubwa ya viraka vya pamba iliyofuliwa isiyo na dawa, mdomo wake ufungwe kwa kanda, kwilti iingie ndani na bomba lake. Hakuna sindano itakayogusa kitu. Kitaalamu hicho ndicho kifuniko ambacho ningewashauri tangu mwanzo, ingawa sisi tungetumia kitambaa cheupe kisicho na furaha yoyote.

Walinialika siku ya kuushona. Meza ya Bi Verna ilizungukwa na wajukuu wa kike na wa kiume, na viraka vilitoka kwenye mashati ya watu walio hai. Bi Ruby alinipa sindano. Nikasita. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimeshona vya wengine kwa namna ambayo isionekane, uzi wa rangi ileile, mshono unaojificha. Sikuwahi kuweka wangu.

"Shona tu," akasema. "Sisi tunaongea."

Nikashona. Nilikuwa nimeleta kiraka cha kanga yangu kuukuu, ya nili. Nilikipima kwanza, pamba nyeupe na tone la maji, wakanicheka wote. Nikacheka nao, mshono ukaenda upogo, nikataka kuufumua niurudie.

Bi Verna akanishika kifundo cha mkono. "Acha hivyohivyo," akasema. "Wajukuu wa hawa wajukuu nao wanahitaji kitu cha kubishania."